Tumbo la Memsahibu na Tumbo Langu

Siandiki haya ili nihurumiwe. Huruma nilipewa tele, na karibu yote ililetwa kwangu ndani ya kitambaa cheupe, imekatwa vipande na kupakwa siagi. Naandika kwa ajili ya mtu mmoja tu, mwanamke au mwanamume, aliyelala mahali fulani saa hii tumbo limemjaa kama kibuyu, anaambiwa ale mkate apate nguvu, na kila akila anazidi kwisha. Wewe ndiye ninayesema nawe. Wengine wakitaka kusikiliza wasikilize, ila wasinikatize, maana nimekatizwa vya kutosha.

Naitwa Marta, mzaliwa wa Unyambwa. Nimekulia kwenye uwele. Kwetu uwele ndio ulikuwa uji, ndio ulikuwa ugali, ndio ulikuwa pombe ya wazee wasiokwenda kanisani, na ya wale waliokwenda pia. Asubuhi uji na maziwa, jioni ugali na mlenda, akija mgeni kuku. Ngano niliijua nilipoolewa.

Mume wangu Yona alikuwa mpishi kwa mzungu wa boma pale Singida mjini, yule bwana wa barabara aliyewasimamia vibarua wa njia ya Manyoni. Mabwana walikuja na kwenda, Yona akabaki na jiko lake. Alijua kuoka mkate ndani ya debe, makaa chini na makaa juu, ukatoka umeumuka, ngozi yake kahawia. Tulipooana alinileta kwenye vile vyumba vya watumishi nyuma ya nyumba kubwa, na kuanzia asubuhi ya kwanza nikawekewa chai ya maziwa na mkate. Wake za polisi walionizunguka walinitazama kwa kijicho. Na mimi nilikula kwa raha, nisidanganye. Ulikuwa mtamu.

Jambo moja ulijue tangu sasa. Mume wangu alishinda jikoni kutwa nzima akimpikia mtu mwingine, lakini nyumbani kwake hakushika mwiko hata siku moja. Si yeye peke yake, wapishi wote wa boma walikuwa hivyo hivyo. Kumpikia mzungu ni kazi, na ina heshima yake. Kumpikia mkeo ni kukaliwa kichwani. Alirudi jioni ananuka vitunguu, akaketi, akasubiri nimsongee ugali. Ule mkate wangu aliuoka kwenye jiko la bwana pamoja na wa bwana, kwa hiyo haukuhesabika kuwa amenipikia.

Ugonjwa ulianza na mvua za kwanza baada ya harusi. Tumbo lilinguruma, kisha likaanza kuendesha. Nitasema wazi, kwa sababu aibu ya kusema imewapeleka wengi kaburini. Nilikwenda choo kutwa nzima, na kilichotoka kilikuwa cheupe, kina mafuta, kinanuka hata mimi mwenyewe nikaziba pua. Mdomo ulitoka vidonda. Nywele zilibaki kwenye kitana. Miguu ilikonda ikawa fito, na tumbo likatokeza mbele, kubwa, gumu, linang'aa.

Sasa tumbo la mke mpya likitokeza watu wanafikiri nini? Mama mkwe wangu alitoka kwao upande wa Ikungi na kibuyu cha samli kichwani, akicheka tangu njiani. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akanishika tumbo kwa mikono yote miwili kabla hata ya kutua mzigo. Nikamwambia mama, sina hakika. Akasema mimi ninayo. Akakaa nasi, akanifunga kanga ya tumbo, akanikataza kuinama, akamwambia Yona aongeze mkate kwa sababu sasa tunakula wawili. Yona akaongeza.

Mvua zikakata, uwele ukavunwa, upepo wa baridi ukaja na vumbi lake, na mimi sikuzaa. Hakukuwa na kitu mle ndani ila hewa na maumivu. Jamani, yule mama aliyenifunga kanga kwa mapenzi ndiye aliyeanza kuuliza ni mimba gani isiyo na mwisho. Wakasema nimeitoa. Wengine wakasema nimefungwa na mwanamke aliyemtaka Yona kabla yangu. Mimi nilikuwa nimelala kando ya ukuta, nasikia kila neno, sina nguvu hata ya kuinuka nikawajibu. Hasira ile sijaimaliza mpaka leo.

Tukaenda hospitali. Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la barazani na ugonjwa wa kuhara, mshukuru Mungu wako. Kila mmoja ameshika chupa yake tupu ya kutilia dawa, maana ukija bila chupa unarudishwa. Ukiinuka kwenda choo unapoteza nafasi. Niliinuka, nikapoteza, nikarudi nyuma ya mstari, nikainuka tena. Mama mmoja wa Kinyiramba aliyekuwa na mtoto mwenye surua aliniona, akaliweka bakuli la mtoto wake mahali pangu, akatangaza kwamba pale pana mtu. Sikumjua jina, na sikumwona tena.

Nilipoingia, daktari hakunigusa tumbo. Alimuuliza Yona ninakula nini. Alimuuliza Yona, si mimi, kana kwamba tumbo lile ni la Yona na mimi nimelibeba tu. Yona akajibu kwa adabu zote: anakula mkate bwana, na jioni ugali wa uwele. Daktari akatikisa kichwa. Uwele ni mgumu, akasema, unakwaruza utumbo. Mgonjwa huyu asile tena chakula cha kishenzi. Apewe mkate mweupe, maziwa na biskuti. Nikajaziwa chupa yangu dawa nyeupe kama chokaa, tukatoka. Yona alinitangulia kifua mbele kama mtu aliyepewa cheo, kwa sababu dawa niliyoandikiwa ilikuwa kazi ya mikono yake.

Basi uwele ukaondolewa kwenye bakuli langu, kile chakula pekee kilichokuwa kikinishikilia roho. Nikawa nakula mkate asubuhi, mkate uliolowekwa maziwa mchana, mkate jioni. Na kila aliyekuja kunitazama alikuja na ngano. Mke wa mwinjilisti alileta andazi. Mwanaidi, mke wa polisi chumba cha pili, alileta chapati za moto amezifunika kwa sahani. Ndivyo tulivyokuwa tumezoea kufanya mjini pale: mgonjwa ni mtu wa heshima, haletewi ugali, analetewa cha dukani. Ungeletewa ugali wa uwele ukiwa mgonjwa ungesema umedharauliwa. Na walionipenda zaidi ndio walioleta zaidi. Ningekuwa na maadui wengi ningepona mapema.

Mwanaidi huyo nimtaje vizuri. Yeye alichukua nguo zangu chafu, akazifua kisimani mbele ya wanawake wenzake, hakuziba pua wala hakukunja uso. Mama mkwe wangu hakuweza, na simlaumu kwa hilo. Nalaumu mengine.

Wakanipeleka pia kwa mganga, mbali kidogo, nyuma ya majabali. Nikakaa kwake mpaka mwezi ukaandama tena. Alinichanja, akanifukiza, akachukua mbuzi. Kule hakukuwa na duka wala debe la kuokea, nilikula uwele na mlenda kama watu wa nyumba ile. Tumbo likashuka. Nikaanza kulala usingizi. Mganga akajisifu mpaka akachoka, na mimi nikamsifu, nani angejua? Nikarudi mjini, Yona akafurahi, akanikaribisha kwa mkate mkubwa wenye zabibu. Kabla wiki haijaisha nilikuwa chini tena. Ikasemwa mchawi amezidi mganga.

Hivyo ndivyo nilivyoishi, mvua kwa kiangazi, kiangazi kwa mvua, mpaka vita vya Hitla vikapamba moto na mvua zikatukimbia kwa pamoja.

Waliokuwepo wanaikumbuka njaa ile. Ng'ombe waliuzwa kwa bei ya mbuzi, watu walichimba mizizi porini. Na unga wa ngano ukatoweka. Mkate wa bwana ulianza kuchanganywa na mahindi, kisha ukawa mahindi matupu, na mabaki ya kurudi nyumbani hayakuwepo. Mama yangu alituletea kutoka Unyambwa uwele wa ghala lake la mwisho, tukakoroga uji mwepesi hata ungeona chini ya bakuli. Tulikula majani, tulikula ubuyu, siku nyingine maziwa matupu.

Na mimi nikapona.

Nasema nikapona. Kuhara kulikoma. Tumbo likaingia mahali pake. Vidonda vya mdomo vikakauka, nywele zikaota fupi fupi kama za mtoto. Siku zangu za mwezi, nilizokuwa nimeshazisahau, zikarudi. Wenzangu mifupa ilikuwa inatokeza mabegani, mimi mashavu yanajaa kwa uji ule ule wanaokunywa wao.

Unafikiri walifurahi? Kisimani sauti zilishuka nikifika. Mama mkwe wangu, ambaye tulikuwa tunakula naye chungu kimoja, alipekua chini ya kitanda changu akitafuta chakula nilichoficha. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kwa upole kumuuliza Yona mkewe analishwa na nani, maana wapo watu wanaokula usiku vya wenzao wakanenepa. Nilikuwa nimeketi pale pale. Miaka yote nilipokuwa ninakufa hakuna aliyeniuliza mimi nakula nini. Nilipopona ndipo walipokuja kuuliza.

Mvua zikarudi. Vita vikaisha. Gunia la kwanza la ngano likashuka dukani kwa Mhindi, na Yona akaoka. Aliniletea mkate ule akiwa ameubeba kwa mikono miwili, macho yanamng'aa. Nikaula kwa ajili ya macho yale. Kesho yake nilikuwa chooni nimeshika ukuta.

Pale, nikiwa nimeshika ukuta, ndipo akili iliponifunguka. Si mchawi, si mwanamke aliyemtaka Yona, si uwele unaokwaruza. Nikaanza kujipima mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine ambaye angenipima. Niliacha ngano kabisa mpaka nikatulia. Siku ya Idi nikala chapati moja ya Mwanaidi, nikaumwa. Nikaacha, nikapona. Krismasi nikala kipande cha keki, nikaumwa. Sikuhitaji ushahidi zaidi ya huo.

Nikamwambia Yona. Alicheka kwanza. Akasema kama ngano inaua, wazungu wote wangekuwa wamekwisha. Akasema Bwana Yesu mwenyewe alikula mkate. Nikamwambia sisemi tumbo la Bwana Yesu, nasema langu. Akaacha kucheka, akanuna. Nilimwelewa baadaye: alisikia kama nimesema mikono yake ina sumu. Lakini wakati ule sikuwa na nafasi ya kumbembeleza, nilikuwa nataka kuishi.

Nikaacha mkate, na vita vya nyumbani vikaanza. Ikasemwa nimeringa. Nimejiona. Namtukana mume wangu mbele za watu kwa kukataa jasho lake. Harusini nikikataa andazi, mwenye harusi ananuna. Nilijifunza kubeba changu kwenye kibuyu kidogo na kula kabla sijafika, ili nikikataa niseme nimeshiba. Na wewe fanya hivyo, ingawa utachoka kusema umeshiba.

Nikuambie na ya jikoni, maana huko ndiko utakakookoka. Kuwa na chungu chako, mwiko wako na ungo wako. Usisage uwele wako penye jiwe lililosagiwa ngano, wala usikaange chochote kwenye chuma kilichotoka kupikiwa chapati, hata kama kimefutwa mbele yako. Supu ya wenyewe iulize kama imetiwa unga wa kuifanya nzito, wapishi wa mjini wanapenda mchezo huo. Ukitamani mkate, na utautamani, koroga unga wa mtama na yai na asali kidogo, umimine kwenye kikaango kikavu, ufunike, makaa yawe machache. Si mkate, lakini kinywa kinadanganyika. Mlenda na maziwa ya mgando vitakurudishia mwili upesi kuliko chupa yoyote ya hospitali.

Niliendelea hivyo peke yangu, napika vyungu viwili, cha nyumba na changu. Kisha bwana wa barabara akahamishwa, akaja mwingine na mkewe.

Jioni ya kwanza Yona alirudi na uso wa mtu aliyetoka ibadani. Akatueleza, mimi na mama yake, kwamba memsahibu huyu tumbo lake linakataa mayai. Hata chembe. Mpishi wake wa kule alikotoka alitia yai moja kwenye mchuzi, akafukuzwa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo Yona alikuwa ameshinda akisugua jiko zima kwa majivu. Alitenga sufuria ya memsahibu, kijiko cha memsahibu, kikaango cha memsahibu, akafunga kitambaa chekundu kwenye mpini wa kila kimoja ili mtu asikosee. Mama mkwe alisikiliza mkono kifuani, akasema maskini, mgeni wa watu, na Mungu amlinde.

Mimi nilikuwa nasonga ugali. Nikauacha.

"Ulimwona akiumwa?" nikamuuliza Yona.

"Sikumwona. Amesema."

"Amesema tu, ukasugua jiko zima?"

"Sasa nifanyeje, Marta? Tumbo si lake?"

"Na hili langu ni la nani?"

 Alimtazama mama yake, akatazama moto, akatoka kwenda kukaa na wenzake nje. Mama mkwe akaniambia nimekosa adabu, hata nijilinganishe na mzungu. Nikamalizia kusonga ule ugali, nikawapakulia, nikala wangu nikiwa nimewapa mgongo.

Mwaka ule ule nikashika mimba. Safari hii ya kweli, na niliijua kabla ya mtu yeyote. Nilikaa nayo kimya mpaka ilipoanza kucheza, kwa kuogopa kufungwa kanga bure mara ya pili. Nilipomwambia mama mkwe hakucheka kama mwanzo. Aliketi chini akalia, akasema nimuache yeye anihudumie, nisiinue hata kata ya maji. Niliguswa. Nikamkabidhi chungu changu na mwiko wangu, nikamwonyesha unga wangu ulipo, akawa ananikorogea uji kila asubuhi.

Mvua zilipoanza nikaanza kuumwa. Kidogo kidogo kwanza, nikasema ni mimba. Kisha kikaja kile choo ninachokijua, cheupe, chenye mafuta. Vidonda vya mdomo vikarudi. Nilichanganyikiwa, maana sikuwa nimetia ngano kinywani tangu Krismasi ile. Mashavu yakaingia ndani, miguu ikavimba. Mtoto, aliyekuwa akinipiga mateke asubuhi na jioni, akaanza kunyamaza. Nilikuwa nakaa mkono tumboni nikingoja. Nikimsemesha. Siku nzima teke moja, na siku nyingine hata hilo moja nisiwe na hakika nalo. Sikuogopa kufa, nilikwisha kuzoea habari za kufa. Niliogopa kubaki nimempoteza huyu, na wao wapate la kusema.

Asubuhi moja nikaanguka nikitoka chooni. Mwanaidi akaniburura hadi kitandani, akatuma Yona aitwe kazini. Alikuja na kanzu yake ya jikoni. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji, na nafikiri ni kwa hofu alisema aliyoyasema.

"Sasa mwanangu acha ukaidi, ule mkate. Ugonjwa wako si ngano. Mimi nimekuwa nikikutilia ngano kwenye huo uji tangu mvua zilipoanza, na wala hukujua."

Aliyasema kama mtu anayetoa habari njema. Alikuwa na furaha ya kunithibitishia. Mwanaidi akashika mdomo. Mimi niliangalia lile bakuli. Uji wangu, kwenye chungu changu, kwa mwiko wangu.

Yona alimgeukia mama yake. "Tangu mvua zilipoanza," akasema taratibu.

"Ndiyo, baba. Kidogo tu kila siku, mtoto apate nguvu."

Alilichukua lile bakuli mikononi mwake, akatoka nje akaumwaga. Tukamsikia akitembea kwenda kwenye nyumba kubwa. Nikajua amenikimbia, amerudi kwa mabwana zake. Mama mkwe naye akajua hivyo, akaanza kuniambia tazama ulivyomfukuza.

Akarudi. Mkononi alikuwa na sufuria mpya kabisa, mwiko ambao alikuwa bado hajamaliza kuuchonga, na kitambaa chekundu. Akaketi kizingitini, akakichana, akafunga kipande kimoja kwenye mpini wa sufuria, kingine kwenye mwiko, anakaza fundo kwa meno. Kisha akaenda kwenye mafiga, hapo uani, wake wote wa polisi wakitazama, akachutama, akawasha moto.

Mama mkwe alijifunika uso kwa kanga. Akasema kwa sauti ya kulia kwamba mwanawe amerogwa, kwamba afadhali asingalikuwa hai kuona hili, mwanamume amechutama mekoni kwake akimpikia mwanamke mchana kweupe.

Yona hakuinua kichwa. "Mama, kila siku nampikia mwanamke," akasema. "Yule akiniambia tumbo lake linakataa, simuulizi tena. Huyu wangu aliniambia, nikamcheka."

Akatia unga. Mimi nilikuwa nimeegemezwa mlangoni na Mwanaidi, naona kila kitu. Mpishi wa mabwana, mtu wa keki na mikate ya zabibu, hakujua kusonga ugali wa uwele. Unga alitia mwingi kwa mara moja, maji hayajachemka sawasawa, akaanza kuukimbiza kwa mwiko ukamshinda. Madonge yalitokeza mpaka kutoka mlangoni niliyaona. Jasho likamtiririka. Mke mmoja wa polisi akacheka, Mwanaidi akamtazama, yule akakoma.

Mama mkwe aliona pia. Akashusha kanga usoni, akatazama ile aibu ndani ya sufuria, na nafikiri ilimuuma kuliko aibu ya kwanza. Akasogea polepole, akanyoosha mkono.

"Lete huo mwiko, baba. Utamlisha ugali mbichi."

Yona akanitazama mimi. Si mama yake, mimi. Alikuwa anauliza.

Nikatikisa kichwa, hapana.

Akautia kwenye sahani hivyo hivyo, akaniletea na maziwa ya mgando. Kila tonge nililomega lilikuwa na unga mkavu katikati. Nikala. Nilikuwa na hasira bado, nala huku machozi yananidondoka, nikala mpaka nikafuta sahani kwa kidole.

Alinipikia hivyo mpaka nikasimama, na ugali wake haukupata kuwa mzuri. Mtoto alianza tena kurusha teke mwezi mpya ulipoandama. Alizaliwa wakati wa mavuno ya uwele, msichana, mdogo, mwenye sauti. Siku ya arobaini mama mkwe, aliyekuwa amerudi kwao, alikuja, akapiga magoti mbele yangu, mkubwa kwa mdogo, akasema yeye alitaka nipone. Nikamwambia najua. Nikamwambia inuka mama, nikampa mwiko.

Hata sasa akija kwangu, kabla hajagusa chochote, husimama kwanza penye mafiga na kuniuliza ni mwiko upi wangu. Kitambaa chekundu kipo pale pale na anakiona. Lakini anauliza, na mimi namjibu.